Barabara Iliyothibitishwa na Wenyeji

Kulikuwa na nchi moja, na nakuomba usianze kuitafuta kwenye ramani, maana ramani ndiyo iliyoleta balaa lote hili. Nchi hiyo ilikuwa na Kusini, ambako watu waliishi, na ilikuwa na Kaskazini, ambako watu waliishi vilevile, ila taarifa hizo zilikuwa bado hazijafika rasmi. Kaskazini ilikuwa kubwa mara nne kuliko Kusini. Aliyetaka kuivuka alipanda ngamia, au alijibanza juu ya lori la mbuzi lililopita ndani ya makorongo makavu. Mvua ikinyesha, lori lilikaa palepale lilipokwama, wiki mbili, mwezi, na abiria wengine walioa hukohuko njiani wakasahau walikokuwa wakienda.

Serikali ya nchi hiyo ilikuwa na huruma sana. Ikaamua kujenga barabara ya lami, kilomita mia sita na kumi na mbili, kutoka mpaka wa Kusini hadi kijiji cha mwisho kabisa, Harbora. Kwa sababu za usalama, Barabara Kuu ya Kaskazini ilizinduliwa Kusini. Zilimwagwa hatua arobaini za lami kwenye uwanja wa gwaride, bendi ikapiga, utepe ukakatwa, na Mheshimiwa Kibindo, Waziri wa Barabara, akapita juu yake ndani ya gari. Akafika mwisho, akageuza, akarudi, akashuka akijipangusa vumbi ambalo halikuwapo.

"Ndugu wananchi," alisema, "wako watu wenye akili finyu wanaodhani barabara ni kokoto na lami. Barabara ni dhamira! Barabara ni moyo! Leo dhamira yetu imefika Harbora, na ninayo furaha kuwatangazia kwamba imefika salama!"

Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Kilibaki kitu kidogo tu, nacho ni sahihi. Sheria ilisema barabara haiwezi kuitwa imekamilika mpaka Mkaguzi Mkuu aandike kwamba imekamilika. Mkaguzi Mkuu alikuwa Bwana G. Soro, mtu wa suti ya kijivu na sauti ya upole, na hapa ndipo hadithi yetu inapoanza kuona haya.

Hiyo G ilikuwa Galgalo, na Galgalo Soro alizaliwa Harbora. Alipopata kazi, kwenye fomu, penye mahali pa kuzaliwa, aliandika Makao Makuu. Alikuwa amechoka kuulizwa kama kwao watu wanalala ndani ya nyumba au juu ya miti, na kwao hata hiyo miti yenyewe ni ya kutafuta. Uongo mdogo, jamani, wa mstari mmoja! Kila mwaka alimtumia mama yake, Dabo, shuka moja kwa lori la mbuzi, bila barua ndani yake.

Kwa hiyo Galgalo alijua jambo ambalo mkaguzi mwingine asingelijua. Watu wa Kaskazini hawamwambii mgeni "hapana". Mgeni aliyevuka jangwa akiuliza kama maji yapo, anaambiwa yapo, kisha mwenyeji anatoka kwa mlango wa nyuma na kwenda kuyatafuta mbio, hata kama kisima kiko mwendo wa siku nzima. Akiuliza kama amekaribia kufika, amekaribia. Akiuliza kama ngamia huyu ni mpole, mpole sana. Kumnyima mgeni neno analolitaka ni aibu kuliko kumnyima chakula. Hapana ni ya ndugu. Ndugu unamwambia hapana asubuhi, mchana na jioni, tena kwa kelele, tena na katusi kidogo cha mapenzi, na mtoto wa Harbora anajua yeye ni wa nyumbani kwa wingi wa hapana anazoambiwa.

Siku ya tatu baada ya sherehe, Waziri alimwita ofisini.

"Bwana Soro, sahihi yangu iko wapi?"

"Mheshimiwa, sijaenda kuiona hiyo barabara."

"Kuiona? Hewa umewahi kuiona? Mbona unavuta?"

 Galgalo alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri kwa miaka minne, na kiti kizuri kina gundi yake. "Labda, Mheshimiwa," akasema, "tungeweka kanuni kwamba wenyeji wanaweza kuthibitisha. Tunawapigia simu ya upepo, tunawauliza."

"Na wakisema haipo?"

"Hawatasema," Galgalo akajibu, akatazama viatu vyake.

Akaenda mwenyewe kwenye chumba cha simu ya upepo, akafunga mlango, akaita Harbora. Chifu alikuwa amepeleka mifugo kunywa maji. Aliyepokea alikuwa mwanamke mtu mzima, na Galgalo aliitambua sauti ile kabla haijamaliza salamu, maana ndiyo sauti ya kwanza aliyoisikia duniani.

"Hapa ni Serikali, Makao Makuu," alisema kwa Kiswahili cha Kusini, akiikaza sauti. "Tunauliza, barabara ipo?"

"Karibu, Serikali," sauti ikasema. "Habari za huko? Mu wazima?"

"Wazima. Barabara, mama, ipo?"

Neno mama lilimponyoka. Akajipa moyo kwamba Kusini kila mwanamke mtu mzima ni mama. Simu ikakwaruza kwa muda mrefu, upepo wa kule ukasikika ukivuma.

"Ipo," mama yake akasema. "Ipo, mgeni wetu. Nzuri sana."

Galgalo akaandika: Imekamilika, wenyeji wamethibitisha.  

Basi, mambo mengine yakafuata yenyewe. Galgalo alipewa nishani, na kanuni yake ikasifiwa sana, ikatumika kukamilisha hospitali tatu, shule kumi na moja na daraja moja refu juu ya mto ambao nao ulithibitishwa kwa simu. Ndege ya wagonjwa iliyokuwa ikiruka Kaskazini iliondolewa, kwa kuwa ndege ni ya mahali pasipo na barabara. Malori ya mbuzi yakapigwa marufuku kupita makorongoni, maana mwenye akili timamu atapitaje korongoni na lami ipo? Shuka la kila mwaka la Dabo likaanza kusafiri kwa ngamia. Alama za barabarani zilikuwa zimeshaagizwa, kwa hiyo zilipelekwa zote, zikasimikwa jangwani kwa vipimo.

Miaka saba ikapita namna hiyo. Mtu huzoea, hata kiatu kinachobana huzoeleka. Kisha asubuhi moja redio ya taifa, katika salamu na matangazo madogo madogo, ikasoma: "Kwa yeyote huko Makao Makuu anayemfahamu mtoto wa Dabo wa Harbora. Mama ameteleza kisimani, mguu umevunjika, umevimba, na rangi inabadilika. Ni mimi Talaso, dada yake."

Galgalo alitoka mbio bila tai. Alifika ofisi ya ndege ya wagonjwa akihema, akamkuta karani, mama mmoja mwenye miwani, akinywa chai.

"Kuna mgonjwa Harbora. Tafadhali, ndege iende leo."

"Harbora ina barabara," karani akasema.

"Haina."

Karani akafungua jalada, akaligeuza. "Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Hongera basi, kazi nzuri."

"Nataka kuifuta!"

"Kilichothibitishwa na wenyeji hufutwa na wenyeji, kwa simu ya upepo, wakiwa hukohuko kwao. Kanuni ya saba, uliiandika mwenyewe. Lakini sisi si wanyama, ngoja niwaulize." Akavuta kipaza sauti. "Harbora, hapa ni Serikali. Barabara ipo?"

Aliyejibu alikuwa Talaso. Nyuma yake alisikika mtu akigumia, mgumio wa mtu anayejizuia watu wasisikie.

"Ipo, mgeni wetu," Talaso akasema. "Karibuni sana."

Sasa hapa sikiliza vizuri, maana jambo hili mimi mwenyewe ninapolisimulia natamani kuliruka. Galgalo angeweza kunyakua kile kipaza sauti. Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu na kusema, dada, ni mimi, mwambie haipo. Lakini kwenye foleni walisimama watu watatu, na mmoja wao alikuwa mhasibu wa ofisi yake, aliyewahi kumchekesha kwa kichekesho cha Mkaskazini na choo cha kuvuta. Wakamtazama. Galgalo akatazama ukuta, penye kalenda. Karani akazima simu. Galgalo akasema asante, akatoka, akajiambia kwamba atakwenda mwenyewe, kwamba kwenda mwenyewe ndiyo heshima.

Waziri alimpa gari la ofisi, gari zuri la chini, tumbo lake karibu liguse ardhi, kwa sababu ni gari la lami. "Nenda ukaifurahie barabara," alimwambia. Mwendo wa saa mbili kutoka mpaka wa Kusini, gari lilikalia mchanga. Galgalo akachimba, akasukuma, likaenda hatua kumi, likakalia tena. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hao hawakuwahi kwenda Harbora.

Siku ya pili akakuta kizuizi cha polisi: gogo juu ya mapipa mawili, na sajenti peke yake chini ya turubai. Kulia hakukuwa na kitu mpaka upeo wa macho, na kushoto hakukuwa na kitu zaidi.

"Simama! Unaendesha nje ya barabara."

"Afande, barabara yenyewe iko wapi?"

Sajenti akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Mzee, usiniponze. Ukisema haipo, umeipinga Serikali, nakukamata. Ukisema ipo, basi uko nje yake, nakukamata vilevile. Miaka sita niko hapa na hakuna aliyewahi kunishinda." Juu ya mlingoti wa turubai alikuwa ametundika nakala ya cheti cha barabara, amekitia fremu. "Ningempata huyu G. Soro siku moja tu!"

"Ungemfanyaje?"

"Ningemshika mkono taratibu, nikamwambia, mzee wangu, nionyeshe." Macho yake yalikuwa na maji, labda ya vumbi. "Na wewe unaitwa nani?"

"Patrisi," Galgalo akasema.

Gari likazuiliwa. Sajenti alikuwa mtu mwema, akamwelekeza kilima ambacho nyuma yake misafara ya ngamia hupita, kilima ambacho yeye kwa utiifu wa kazi hajawahi kugeuka kukitazama.

Wenye ngamia walimpokea bila swali. Wakampa mnyama mpole sana, aliyemuuma mara mbili. Njiani walipita alama za Serikali: SHULE MBELE, na mbele hakuna, PUNGUZA MWENDO, na mbuzi wamejilaza kwenye kivuli chake, kisha, katikati ya uwanda ulionyooka kama meza, KONA KALI. Pale msafara wote ukapinda kulia, ukapinda kushoto, ukaendelea.

"Mbona mmepinda?" Galgalo akauliza.

"Alama ni mgeni wa Serikali," kiongozi wa msafara akasema. "Imesimama juani miaka yote hii. Si vizuri kuiaibisha."

Galgalo akajifunika uso kwa shuka. Aliwauliza kila siku kama wamekaribia, na kila siku wakamjibu kwa upole, "Tumekaribia, mgeni wetu." Siku nane. Alikuwa anajua maana ya jibu lile kuliko mtu yeyote aliyewahi kuuliza swali lile, na bado aliuliza.

Harbora haikuwa imebadilika. Mama yake alikuwa amelala juu ya ngozi, chini ya kivuli cha mkeka, amefunikwa mashuka matano kati ya yale aliyotumiwa. Mguu ulikuwa nje, na Galgalo aliutazama mara moja tu. Dada yake akatoka na kibuyu cha maziwa. Talaso alikuwa mkubwa wake kwa miaka mitatu, ndiye aliyemfundisha kutembea na ndiye aliyemtandika alipopoteza mbuzi.

"Karibu, mgeni wetu," Talaso akasema.

"Talaso, ni mimi."

"Ndiyo."

"Unanijua?"

"Ndiyo, tunakujua. Njia ilikuwa nzuri?"

"Nifokee, dada! Nitukane, nipige kofi!"

"Ndiyo, tutakufokea," Talaso akasema kwa adabu kubwa. "Kunywa kwanza maziwa."

Galgalo hakunywa. Alikimbilia nyumba ya chifu, akabeba simu ya upepo pamoja na betri yake mpaka pale kivulini, akaita ofisi ya ndege.

"Mimi ni Galgalo Soro, mzaliwa wa Harbora. Nathibitisha kwamba barabara haipo."

Karatasi zikasikika zikifunuliwa kule Makao Makuu. "Jalada lako linasema umezaliwa hapa," karani akasema. "Wewe si mwenyeji. Nipe mwenyeji."

Akampa dada yake kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Barabara ipo?" karani akauliza.

Talaso akakisogeza mdomoni. "Ipo," akasema, "mgeni wetu."

"Talaso! Mama atakufa!"

"Nimwambie mgeni hapana?" Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Mtu wa mbali, anayeuliza kwa upole? Mimi sijui kufanya hivyo. Ninyi wenye kujua ndio mngesema, siku zile."

Ndipo Galgalo akapiga magoti juu ya ngozi, karibu na uso wa mama yake. Akabonyeza kitufe cha kipaza sauti, akakishikilia, karani asikie kila kitu.

"Mama," akasema kwa lugha ya nyumbani, lugha aliyoiacha mpakani zamani, ikamtoka kwa shida. Kisha, kwa ajili ya karani, akarudia kwa Kiswahili. "Mama, si Serikali. Barabara ipo?"

Mama Dabo akafumbua macho. "Siku ile ulipopiga," akasema taratibu, "nilikujua kabla hujamaliza kusema hapa ni Serikali. Nikasema moyoni, mwanangu amenipigia simu kama mgeni. Nikamjibu kama mgeni."

"Najua, mama."

"Na leo unauliza kama nani?"

"Kama Galgalo wako."

Mama Dabo akavuta pumzi, zote alizokuwa amebakiza.

"Haipo! Haipo, mjinga mkubwa wewe, haikuwapo jana wala juzi, na wewe unajua haikuwapo! Mwongo usiye na haya! Tumekaa hapa miaka saba kama vitu vilivyosahaulika, na wewe unatuma mashuka! Nani alikwambia naona baridi? Hapana! Hapana, hapana, na hilo suti halikupendezi!"

Galgalo aliinamisha kichwa juu ya ngozi, akalia kwa sauti, na mama yake akaweka mkono kwenye kisogo chake na kuendelea kumtukana mpaka akachoka.

"Imepokelewa," karani akasema. "Mwenyeji amekanusha."

Ndege ilikuja kesho yake saa nne asubuhi, ikatua karibu na alama nyingine ya KONA KALI, ile ya mwisho wa barabara. Muuguzi akafunua shuka, akautazama mguu, akauliza umevunjika lini. Wakamwambia.

"Huu tutaukata," akasema. "Mngetuita siku kumi nyuma..." Kisha akaona uso wa Galgalo, akafunga begi lake. Siku kumi nyuma Galgalo alikuwa amesimama mbele ya kaunta, akitazama kalenda.

Ndani ya ndege palikuwa na nafasi ya mgonjwa tu. Ikaruka, ikawa nukta, ikapotea.

Mchana huohuo redio ikatoa habari. Mheshimiwa Kibindo alikuwa na sauti nzito ya msiba. "Ndugu wananchi, barabara yetu imeibwa! Kilomita mia sita na kumi na mbili! Wenyeji wenyewe wamekiri kwa simu kwamba haipo, na sote tunajua ilikuwapo, maana walituthibitishia. Nimeagiza kila nyumba ya Harbora ipekuliwe mpaka lami ipatikane. Na Bwana G. Soro, shujaa aliyekwenda kuifuatilia mwenyewe, nimemteua kuwa mwenyekiti wa tume ya kuitafuta."

Watu wa Harbora, waliokuwa wamekaa kuizunguka redio, wakamgeukia.  Mmoja akasogea, akampisha mahali pazuri pa kivuli. Galgalo akahisi afadhali wangemrushia mawe.

Alimfuata dada yake aliyekuwa akikunja yale mashuka matano.

"Nitarudi Makao Makuu," akasema. "Nitasimama nitangaze kwamba ni mimi. Kwamba nilijua. Na kwamba nimezaliwa hapa."

"Ndiyo," Talaso akasema.

"Hawatawagusa. Naapa."

"Ndiyo."

"Unaniamini?"

"Ndiyo."

Galgalo akamsogelea. "Talaso. Dada yangu. Umenisamehe?"

Talaso akaweka mashuka chini. Akachukua kibuyu, akamimina maziwa mpaka kikombe kikafurika, akampa kwa mikono miwili huku ameinamisha kichwa, kama anavyopewa mtu aliyetoka mbali.

"Ndiyo," akasema, "mgeni wetu."